Prokudin-Gorskii: Mpiga picha aliyetunza rangi miaka mingi kabla hazijatoka vizuri

Bibi yangu alipofariki, picha moja tu nzuri ilikuwepo, nayo ilikuwa kwenye simu ya binamu yangu. Bibi amekaa mlangoni kwake, kanga ya njano mabegani, jua la asubuhi limempiga upande mmoja wa uso. Kwenye simu ilikuwa picha ya kupendeza mno. Ikatumwa kwa WhatsApp kutoka simu hii hadi ile, ikafika mjini, ikasafishwa kwa ukubwa wa fremu ya ukutani. Iliporudi, kanga ilikuwa na rangi ya tope, uso umekuwa mweusi kiasi kwamba macho hayaonekani, na kila ukingo umekatikakatika. Hatukuwa na muda wa kutengeneza nyingine. Tulimzika bibi na picha ile ikiwa mbele ya jeneza.

Siku ile tulimlaumu mwenye studio. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yetu wenyewe. Na kwa kuwa wasikilizaji wengi huniuliza kwa nini picha inayong'aa kwenye simu hutoka imefifia kwenye karatasi, leo naomba nijibu kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja. Tatizo hilohilo alilibeba zaidi ya miaka 40, akafa kabla halijatatuliwa, na bado picha zake leo ni miongoni mwa picha za rangi zinazopendwa zaidi duniani. Jina lake ni Sergei Prokudin-Gorskii, raia wa Urusi.

Mtoto wa Vladimir

Prokudin-Gorskii alizaliwa mwaka 1863 katika mkoa wa Vladimir, mashariki ya Moscow, katika familia ya kikabaila. Alikulia katika nchi iliyotawaliwa na mfalme aliyeitwa Tsar, wakati ambapo picha zote za kamera zilikuwa nyeusi na nyeupe, au za kahawia. Aliyetaka rangi alimpa fundi picha hiyo aipake kwa brashi, akikisia rangi ya gauni na rangi ya macho.

Mwaka 1890 alimuoa Anna Lavrova, binti wa mwenye kiwanda cha kuyeyusha madini, naye akapata nafasi katika uongozi wa kiwanda hicho. Angeweza kuishi maisha ya starehe. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye kemia na kamera. Mwaka 1901 alifungua studio na maabara ya picha mjini St. Petersburg, na mwaka uliofuata akasafiri hadi Berlin, Ujerumani, kujifunza kwa Profesa Adolf Miethe, mmoja wa mabingwa wa picha za rangi wa zama hizo.

Picha tatu ndani ya moja

Alichojifunza Berlin kilitokana na wazo la mwanasayansi wa Scotland, James Clerk Maxwell, aliyelionyesha hadharani mjini London mwaka 1861. Wazo lenyewe ni hili: jicho la binadamu linaweza kupata karibu rangi zote kutokana na mchanganyiko wa mwanga wa aina tatu tu, yaani mwekundu, wa kijani na wa bluu.

Ukitaka kuhakikisha, chukua simu yako, weka tone dogo sana la maji kwenye kioo chake mahali penye rangi nyeupe, kisha tazama kwa makini. Tone hilo hukuza kama lenzi, na utaona vinukta vya rangi nyekundu, kijani na bluu. Weupe unaouona kwenye simu ni vinukta hivyo vitatu vikiwaka pamoja.

Kamera ya Prokudin-Gorskii ilifanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Ilitumia kipande kirefu cha kioo kilichopakwa dawa inayohisi mwanga. Juu ya kioo hicho alipiga picha ileile mara tatu, moja chini ya nyingine, kila moja ikipitia kichujio cha rangi yake: bluu, kijani, na nyekundu. Zote tatu zilitoka nyeusi na nyeupe. Ila ile ya kichujio chekundu ilikuwa imeandika wekundu uko wapi na ni mwingi kiasi gani, ile ya kijani imeandika ukijani, na ile ya bluu imeandika ubluu.

Ili kuona rangi, alitumia mashine yenye taa na lenzi tatu, akarusha picha hizo tatu ukutani kwa mwanga wa rangi tatu, kisha akazilaza moja juu ya nyingine. Ghafla ukuta ulijaa rangi: anga, majani, ngozi ya mtu, shati lake. Watu wa wakati ule hawakuwa wamezoea kuona kitu cha namna hiyo.

Kazi ilitaka subira. Dawa za wakati huo ziliuhisi mwanga mwekundu kwa shida, kwa hiyo kichujio chekundu kilihitaji muda mrefu zaidi. Prokudin-Gorskii, akiwa mtu wa kemia, alitengeneza dawa yake mwenyewe ya kufanya kioo kizihisi rangi zote kwa uwiano mzuri zaidi. Hata hivyo aliyepigwa picha alilazimika kutulia. Akigeuza kichwa kati ya picha ya kwanza na ya tatu, zile tatu hazilingani, na ukingo wa uso wake hutoka na mistari ya kijani na nyekundu. Ndiyo maana maji ya mito katika picha zake yana rangi kama za upinde wa mvua. Mto hauambiwi utulie.

Mtu yeyote aliyewahi kununua kanga iliyochapwa vibaya analijua kosa hilo. Kila rangi ya kanga huchapwa peke yake. Rangi moja ikikosa mahali pake hata kwa upana wa kucha, ua linatoka nje ya mstari wake.

Mwanga ni kitu kimoja, wino ni kitu kingine

Hapa ndipo ulipoanza mzigo wake mkubwa. Ukutani, kwa taa, picha zake zilikuwa nzuri mno. Lakini taa ikizimwa, picha imekwisha. Mwalimu wa kijijini hawezi kuibandika darasani, na mama hawezi kuitia kwenye fremu. Ili picha ibaki mikononi mwa watu ilibidi ichapwe kwenye karatasi, na karatasi haiwaki.

Simu, kama ile mashine yake, hutoa mwanga wenyewe: ukiongeza rangi, mwanga unaongezeka mpaka unakuwa mweupe. Wino hufanya kinyume. Karatasi nyeupe inarudisha mwanga wote wa jua, na kila wino unaopakwa unameza sehemu ya mwanga huo. Wino wa njano unameza bluu. Wino wa samawati unameza nyekundu. Wino wa waridi iliyokolea unameza kijani. Kadiri unavyoongeza wino, ndivyo picha inavyozidi kuwa giza. Na kwa kuwa hakuna wino ulio safi kabisa, ukichanganya yote mitatu hupati weusi mzuri, unapata rangi ya tope. Ndiyo maana wachapaji huongeza wino wa nne, mweusi, na printa nyingi za leo zina rangi hizo nne.

Kutokana na hali hiyo, zipo rangi ambazo mwanga unaziweza na wino hauziwezi. Kijani kikali cha kwenye simu, au bluu inayowaka, karatasi haina namna ya kuzitoa zote. Kanga ya bibi yangu iliangukia hapo, ingawa, kama tutakavyoona, sisi wenyewe tuliisukuma.

Prokudin-Gorskii alilijua hilo, na alijaribu. Mwezi Mei 1908 alikwenda Yasnaya Polyana, nyumbani kwa mwandishi mashuhuri Leo Tolstoy, aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 80. Alimpiga picha akiwa amekaa nje kwenye kiti, mguu juu ya mguu, amevaa shati la bluu na buti ndefu. Kisha akaichapa picha ile kwa wino wa rangi kwenye karatasi. Kila rangi ilihitaji bamba lake, na kila bamba lilipaswa kulalia sawasawa juu ya lililotangulia. Picha hiyo ilienea sana Urusi, na jina lake likajulikana.

Lakini picha moja ya mtu mmoja maarufu ni jambo jingine kabisa na picha maelfu. Kuchapa kwa rangi kulikuwa ghali na kwa polepole. Baadhi ya picha zake zilitoka kama kadi za posta na ndani ya vitabu. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, ziliweza kuonekana kwa rangi mahali penye mashine na taa tu.

Behewa lenye chumba cha giza

Mwaka 1909 aliitwa mbele ya Tsar Nicholas wa Pili akaonyeshe picha zake. Pale alieleza ndoto yake: kuzunguka himaya yote ya Urusi, kupiga picha za rangi za watu, majengo, mito na viwanda, ili watoto wa shule waione nchi yao jinsi ilivyo. Tsar alikubali. Alipewa behewa la treni lililotengenezwa kuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha, vyombo vya kusafiria mitoni, na vibali vya kuingia mahali ambapo watu wa kawaida hawakuruhusiwa. Gharama za vioo na dawa alibeba mwenyewe.

Kati ya mwaka 1909 na 1915 alisafiri mno. Alipita mto Volga, milima ya Ural, Caucasus na Asia ya Kati. Aliwapiga picha wasichana watatu wa kijijini wakiwa na sahani za matunda ya porini, mmoja kavaa gauni jekundu. Alimpiga picha Amiri wa Bukhara, Alim Khan, mwaka 1911, akiwa katika joho la bluu lenye maua. Huko Samarkand, katika Uzbekistan ya leo, alimpiga picha muuza matikiti ndani ya kibanda chake. Huko Chakva, katika Georgia ya leo, aliwapiga wachuma chai kondeni. Msikilizaji wa Mufindi au Kericho akiiona picha hiyo hatahitaji maelezo.

Kila aliporudi, alisafisha pia chapa za kawaida, za kahawia, akazibandika kwenye albamu kama kumbukumbu ya safari. Ukizifungua albamu hizo leo huoni rangi hata moja. Joho la Amiri ni la kahawia. Gauni la yule msichana ni la kahawia. Mtu aliyeitumikia rangi maisha yake yote aliacha albamu zisizo na rangi, kwa sababu karatasi aliyoimudu haikuweza zaidi.

Hata hivyo, jambo moja hakulifanya. Hakusema kwamba kwa kuwa karatasi haiwezi, basi vioo havina maana. Aliendelea kuvitunza vyote, kila kimoja na picha zake tatu.

Alipoondoka

Vita Kuu ya Kwanza ilizimisha safari zake. Mwaka 1917 mapinduzi yakamwondoa Tsar madarakani. Mpango wa serikali kuununua mkusanyiko wake haukukamilika tena. Mwaka 1918 Prokudin-Gorskii aliondoka Urusi, akiwa na umri wa miaka 55, na hakurudi kuishi huko. Alipitia Norwei, kisha Uingereza, mwishowe Ufaransa.

Si kazi zake zote zilizotoka naye. Lakini vioo 1,902 vilivuka mipaka, pamoja na albamu zile. Hebu fikiria mzigo huo. Ni vioo, vizito, vya kuvunjika, na havina thamani sokoni. Mkimbizi mwenye akili ya kawaida angebeba fedha na nguo.

Huko ugenini alihangaika. Alijaribu kutengeneza filamu za rangi, haikuleta mafanikio aliyoyatarajia. Mjini Paris familia yake iliendesha kazi ya studio ya picha. Vita Kuu ya Pili ikaja, Wajerumani wakaukalia mji, na vioo vikabaki kwenye hifadhi. Alifariki mjini Paris tarehe 27 Septemba 1944, wiki chache baada ya mji kukombolewa. Alikuwa na miaka 81. Hakuwahi kuuona mkusanyiko wake ukichapwa kwa rangi.

Rangi zinatoka

Mwaka 1948 warithi wake waliviuza vioo na albamu kwa Maktaba ya Bunge la Marekani, mjini Washington. Vikakaa humo zaidi ya nusu karne, vikijulikana na watafiti wachache.

Mwaka 2000 maktaba hiyo iliviingiza vyote kwenye kompyuta. Sasa mtu aliweza kuchukua zile picha tatu za kioo kimoja, akazipa rangi zake, akazilaza moja juu ya nyingine, akarekebisha pale zilipopishana, na kusawazisha mwanga wa kila sehemu. Picha 122 zilitayarishwa hivyo kwa mkono kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 2001. Baadaye kompyuta ilitumika kuzilinganisha zote zilizobaki. Leo ziko kwenye mtandao, na mwenye simu yoyote anaweza kuzifungua bure.

Watu waliozitazama walidhani ni za jana. Joho la Amiri likawa bluu. Gauni la msichana likawa jekundu. Kompyuta haikubuni rangi hizo, zilikuwa zimeandikwa kwenye kioo tangu siku ya kwanza, zikisubiri chombo cha kuzitoa.

Kwa hiyo, picha yako

Hilo ndilo ninalotaka ubaki nalo. Printa haiwezi kutoa kilichokwisha kupotea. Ubora wa picha ya karatasi huamuliwa mapema, kwa jinsi ulivyopiga na ulivyotunza picha ya asili. Kioo cha Prokudin-Gorskii leo ni faili la asili ndani ya simu yako.

Picha ya bibi ilipita WhatsApp mara nne au tano, na kila mara programu hiyo huibana picha ili isile bando, ikitupa sehemu ya taarifa zake. Ukitaka kusafisha picha, itume kama faili au dokumenti badala ya kuituma kama picha, au ipeleke kwa memori kadi au waya. Usipige picha ya kioo cha simu nyingine. Usiikate, wala usiitie vipambo kabla hujahifadhi nakala ya asili.

Ukubwa nao una hesabu yake. Kwa chapa nzuri, studio hulenga vinukta 300 kwa kila inchi. Picha ya inchi 4 kwa 6 inataka vinukta 1,200 kwa 1,800. Picha ndogo ikivutwa hadi ukubwa wa ukutani, lazima ikatikekatike.

Kabla ya kuikubali rangi, punguza mwanga wa simu hadi katikati. Simu iliyowashwa mpaka mwisho inakudanganya, kwa sababu karatasi haitawaka hivyo. Ukiona uso umekuwa giza mno, mwambie fundi aung'arishe kidogo kabla ya kuchapa, kwani nyuso zetu hupoteza macho na mashavu haraka wino unapozidi. Mwombe akutolee kwanza chapa ndogo, itoke nje, itazame kwa mwanga wa mchana. Ikikuridhisha, ndipo aitoe kubwa.

Kama ni mchoro wako au kikapu unachotaka kumwonyesha mteja, kipige kivulini, bila flashi, kamera ikikitazama moja kwa moja, na weka karatasi nyeupe kando yake. Fundi atatumia weupe wa karatasi hiyo kurekebisha rangi nyingine, kisha ataikata.

Mwaka jana binamu yangu alibadilisha simu. Kabla hajaiuza ile ya zamani, nilimwomba anitafutie picha ya bibi. Ilikuwemo bado, ile yenyewe, haijabanwa wala kukatwa. Niliipeleka mjini kwa memori kadi, kwenye studio ileile, na fundi yuleyule akatoa kwanza ndogo, tukatoka nayo mlangoni, akaongeza mwanga kidogo usoni. Kanga haiwaki kama kwenye simu. Lakini ni ya njano, na macho ya bibi yanaonekana.

Nenda ukaangalie simu yako leo. Kama kuna picha ya mzee wako humo, usiiache sehemu moja tu.